Washairi wa Nicaragua na Miti ya Chuma

Usiku wa tarehe 21 Septemba 1956, katika mji wa León, kijana mmoja mtunzi wa mashairi, Rigoberto López Pérez, aliingia katika dhifa aliyohudhuria Rais Anastasio Somoza García, akamfyatulia risasi. Walinzi walimuua kijana huyo pale pale. Somoza alifariki siku nane baadaye. Utawala haukufa naye. Aliurithi mwanawe Luis, kisha mwanawe mwingine, Anastasio Somoza Debayle, hata ikatimia miaka 43 tangu baba yao kuitwaa nchi mwaka 1936, ndipo wapiganaji wa Sandinista walipouangusha mwezi Julai 1979.

Nimeanza na mshairi kwa sababu Nicaragua, nchi ya Rubén Darío, haikuwaweka washairi pembeni ya mapinduzi yake. Leonel Rugama aliuawa na askari wa Somoza mjini Managua mwezi Januari 1970, akiwa na umri wa miaka 20, naye alikuwa amekwisha tunga shairi lililopima gharama za safari ya mwezini kwa njaa ya watu wa mtaa wa Acahualinca. Gioconda Belli alitunga mashairi ya mapenzi huku akipitisha ujumbe na silaha kwa siri. Sergio Ramírez, mwandishi wa riwaya, alikuwa Makamu wa Rais kutoka 1985 hadi 1990. Rosario Murillo alikuwa amekwisha chapa diwani kabla ya ushindi. Na Daniel Ortega mwenyewe, aliyefungwa na Somoza kutoka 1967 hadi 1974, alitunga gerezani shairi ambalo jina lake lasema kwamba hakuiona Managua wakati sketi fupi zilipokuwa mtindo. Ni shairi zuri. Neno hilo nalitamka kwa uzito, na nitalirejea.

Katika kundi hilo, aliyejaribu kuufanya ushairi kuwa mali ya kila mtu ni padri Ernesto Cardenal. Alianza visiwani, na sisi wa visiwani hatuwezi kulipita jambo hilo bila ya kusimama. Solentiname ni funguvisiwa dogo katika Ziwa Nicaragua. Huko Cardenal aliunda jumuiya ya wavuvi na wakulima mwaka 1966, na huko Mayra Jiménez, mshairi wa Costa Rica, aliwakusanya watu hao katika warsha ya kutunga. Mwezi Oktoba 1977 baadhi ya vijana wa jumuiya waliishambulia kambi ya jeshi ya San Carlos, na askari wa Somoza wakalipiza kwa kuiteketeza jumuiya yenyewe. Ushindi ulipopatikana, Cardenal akawa Waziri wa Utamaduni. Mwaka 1980 makumi ya maelfu ya vijana walikwenda mashamba kwa miezi mitano kufundisha kusoma na kuandika, na warsha za ushairi nazo zikaenea vijijini, viwandani, hata katika kambi za jeshi na vituo vya polisi. Polisi akitoka zamu anakaa kitako kusahihisha shairi lake!

Cardenal aliwapa wanafunzi hao kanuni chache. Vina visitafutwe. Lugha iwe ya mazungumzo, maneno yasizidi haja. Kitu kinachoshikika kitangulizwe mbele ya wazo tupu, na kila kitu kiitwe kwa jina lake: mto una jina, ndege ana jina, na haitoshi kusema mti maadamu mti huo ni msufi. Msufi wenyewe wauota huko kama uotavyo kwetu.

Msomaji aliyelelewa na vina na mizani huenda akanuna hapa. Mabishano yetu ya miaka ya sabini juu ya mashairi huru hayajasahaulika, na wako wazee ambao hadi leo hawayaiti mashairi. Mimi ni mtu wa mizani, lakini kanuni ile ya majina naikubali bila ya sharti. Anayelazimika kusema ni mto gani na jirani gani aliyeuawa, siku gani, hapati nafasi kubwa ya kudanganya. Ninachokitilia shaka ni mahali ilipotoka. Arudhi yetu haikutungwa na waziri. Ilikua midomoni mwa watu kwa karne kadhaa, na anayeivunja hugombana na wenziwe tu. Kanuni ya Cardenal ilishuka kutoka wizarani, na matokeo yake yalionekana upesi: soma mashairi kumi ya warsha zile, aghalabu utadhani mtungaji ni mmoja. Wanicaragua wenyewe walilalamika tangu mwaka 1981, na ukosoaji huo ulipata nafasi katika Ventana, toleo la utamaduni la gazeti la Barricada, lililokuwa likihaririwa na Rosario Murillo. Haki lazima isemwe: hoja ilikuwa na nguvu. Ugomvi kati ya wizara na chama cha wasanii alichokiongoza Murillo ulidumu miaka, na kabla ya mwongo kwisha wizara ikafutwa.

Yaliyofuata katika siasa yanajulikana. Mwezi Februari 1990 Violeta Chamorro alimshinda Ortega katika uchaguzi, na Ortega akakabidhi madaraka, jambo ambalo hakuna Somoza aliyepata kulifanya. Alirudi madarakani mwaka 2007. Mwaka 2014 katiba ilibadilishwa ili asizuiwe kugombea tena, mwaka 2017 mkewe Murillo akawa Makamu wa Rais, na mwaka 2025 katiba ikabadilishwa tena, wakawa marais wenza. Mapinduzi yaliyong'oa ukoo yakapanda ukoo.

Miti ya chuma nayo ilianza kusimamishwa mwaka 2013. Murillo aliipanda katika barabara za Managua, mirefu kuliko nyumba, imepakwa rangi za kila namna, inawaka taa elfu kwa elfu usiku, na ikaitwa miti ya uzima. Mimi naisoma kama sehemu ya diwani yake. Cardenal angemwuliza mwanafunzi wake: mti gani huu? Hauna jina la porini, hauna ndege wala tunda. Ni wazo tupu lililotiwa umeme. Mwezi Aprili 2018, watu walipoingia mabarabarani kupinga mabadiliko ya pensheni, vijana waliikata miti hiyo mmoja mmoja, ikaanguka kwa kishindo. Zaidi ya watu 300 waliuawa katika machafuko ya mwaka ule. Mashairi yaliyoandikwa baada ya hapo yalirudi kwenye kanuni ya kisiwani bila ya waziri kuamrisha: majina ya waliokufa, umri wao, mtaa walioangukia.

Cardenal alifariki tarehe 1 Machi 2020, na katika ibada ya maziko, ndani ya kanisa kuu la Managua, wafuasi wa serikali walimzomea wakimwita msaliti. Majivu yake yalirudishwa Solentiname. Mwezi Februari 2023 Belli na Ramírez walikuwa miongoni mwa watu 94 waliovuliwa uraia.

Narejea kwenye shairi la Ortega. Sisi tuliosoma Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla tunajua jinsi mfungwa anavyouona wakati ukipita nje ya ukuta, na shairi lile la sketi fupi lina ukweli huo huo. Wako wanaotaka litolewe katika kila diwani. Sikubaliani nao. Lakini lisichapwe pekee yake. Ortega alitoka gerezani mwezi Disemba 1974 kwa sababu kikosi cha Sandinista kiliwateka wakubwa wa serikali ya Somoza, wakabadilishwa na wafungwa. Mmoja wa wapiganaji wa kikosi hicho alikuwa Hugo Torres. Mwezi Juni 2021 serikali ya Ortega ilimkamata Torres, na mwezi Februari 2022 akafa angali mfungwa, ana miaka 73. Dora María Téllez, kamanda mwenzake wa zamani, alikaa siku 605 katika kifungo cha upweke, bila ya kitabu wala kalamu. Mhariri atakayelichapa shairi hilo tena na aweke tarehe hizi katika ukurasa unaolikabili.