Reli ya Kusini na Hoja ya "Pori Tupu"

Husikika mara kwa mara katika madarasa ya siasa hoja kwamba reli ya Kusini, iliyotoka Mtwara kwenda Nachingwea, ilikufa kwa sababu ilipita porini, pasipo na watu wala mzigo. Hoja hii hurudiwa hata na ndugu wenye msimamo thabiti. Lakini ni hoja ya mhasibu wa kikoloni, na yafaa ichambuliwe.

Tumtazame kwanza aliyeijenga. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Kampuni ya United Africa, iliyo chini ya Unilever, ikaipelekea serikali ya London wazo la kulima karanga Tanganyika kwa matrekta. Ujumbe wa John Wakefield ukapendekeza ekari zaidi ya milioni tatu, na zaidi ya nusu ya mashamba yawe Jimbo la Kusini. Ardhi isiyo na wakazi wengi ilitafutwa kwa makusudi, maana trekta halitaki kukutana na shamba la mtu. Njia ya reli ikaanzia gati la muda la Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Huko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako watu walikuwa wengi, reli haikupanda. Basi upweke ule haukuwa bahati mbaya ya jiografia. Ulichaguliwa.

Waziri aliyeusimamia mpango huo mwanzoni alikuwa John Strachey, mtu aliyeandika vitabu vya Kimaksi katika miaka ya 1930. Shirika lenyewe lilikuwa la umma, chini ya serikali ya chama cha wafanyakazi. Wanafunzi wetu hulipita jambo hili upesi mno. Mali ilikuwa ya dola, lakini mkulima wa Nachingwea hakuwa na sauti katika kuamua kitakacholimwa. Nafasi aliyowekewa ilikuwa ya kibarua.

Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara yake ilikuwa kama pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara, yenye kina cha kupokea meli kubwa, ikafunguliwa mwaka 1954, karanga zilizoileta zikiwa hazipo tena. Kuanzia hapo kila mwaka reli ilipimwa kwa kipimo cha zao lililokufa: ilijengewa mzigo mkubwa, ikapata mdogo, ikaandikwa hasara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, na mataruma yakang'olewa. Tuseme kweli hapa: nchi ilikuwa imekwisha kujitawala. Lawama hii haiwezi kutupiwa mabeberu peke yao. Ni kweli pia kwamba taifa changa lilikuwa na fedha kidogo, na shirika la reli la Afrika Mashariki halikupenda kubeba njia inayokula bila kuzalisha. Lakini tulirithi daftari la mkoloni pamoja na namna yake ya kujumlisha. Wakati huo huo wakulima wa Kusini walikuwa wakipanda mikorosho. Msimu wa 1973/74 korosho za nchi nzima zilifika kama tani 145,000, na sehemu kubwa ilitoka Mtwara na Lindi. Mzigo ulikuja. Ulipofika, uliikuta barabara ya vumbi, na masika yakifika mto Rufiji uliikata Kusini na Dar es Salaam, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2003.

Atakayejibu kwamba korosho ni mzigo wa msimu, na kwamba lori lingetosha, ana sehemu ya ukweli. Lakini na aeleze kwa nini hesabu iliyofanywa mwaka wa kufunga haikuuliza mkulima amepanda miti mingapi, wala itaanza kuzaa lini.

Siku hizi inazungumzwa tena reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Kada atakayeshika michoro yake atazame kwanza vituo vimewekwa wapi, na kati ya kituo na kituo anaishi nani.