Shimo Tupu la Nyuma

Anayejifunza igisoro hufundishwa kula kete za mwenzake siku ya kwanza. Kuacha kula hukujua baadaye sana, na wapo wanaozeeka bila kukujua. Ufundi huo wa pili ndio ninaotaka kuusifu, kwa sababu ndio unaomtenga fundi na mtu anayejua kanuni tu.

Igisoro ni mchezo wa nyumbani katika milima ya Masisi mashariki mwa Kongo, Nyamitaba na vilima jirani, miongoni mwa wanaozungumza Kinyarwanda. Kuucheza huitwa kubuguza. Mwaka 1953 Mmarekani Alan Merriam, anayejulikana zaidi kwa uchunguzi wake wa muziki wa Kiafrika, aliueleza katika jarida la Man la London kama unavyochezwa kaskazini-mashariki ya Rwanda. Waganda wana omweso, ndugu yake wa karibu. Pwani kuna bao la Kiswahili. Yote mitatu ina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Ubao wa mti ukikosekana, mashimo huchimbwa ardhini na vijiwe vikatosha. Katika eneo kama Masisi, ambalo tangu 1993 watu wake wamekimbia makwao mara nyingi, si jambo dogo kuwa na mchezo usiohitaji kubebwa.

Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Mwanzoni huweka nne nne katika mashimo manane ya safu moja. Safu nyingine hubaki wazi. Huchota kete za shimo moja na kuziangusha moja moja akizunguka upande wake. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, anazizoa na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Kula kuna sharti: kete ya mwisho iangukie shimo la mbele lenye kete, na ng'ambo yake mashimo yote mawili ya mpinzani, la mbele na la nyuma yake, yawe na kitu. Moja likiwa tupu, hakuna cha kula, hata kama katika lile jingine kumelala kete kumi na tano.

Sharti hilo limebeba mchezo mzima. Kwa mgeni, shimo tupu ni umaskini. Kwa fundi ni mlango uliofungwa: limbikizo lake la mbele liko salama kwa sababu nyuma yake hapana kitu.

Sasa mtazame mgeni aliyeona saba mbele na tatu nyuma kwa mwenzake. Hesabu yake inafika, mkono unatangulia, anakula kumi. Wanaosimama pembeni wanashangilia. Lakini kete zilizoliwa haziwekwi kando. Lazima azipande upande wake, kuanzia pale mzunguko ulioleta mlo ulipoanzia. Zile kumi zinajaza mashimo kumi mfululizo, na yale matupu ya nyuma yaliyokuwa yakimlinda yote yamepata kete. Ametajirika, na kila alichonacho sasa kinaliwa. Mpinzani akipata zamu hahitaji hata kufikiri sana.

Ndiyo maana nasema somo la kwanza ni kutazama upande wako utakavyokuwa baada ya kula, kabla ya kutazama unachokula. Mzee aliyekomaa katika mchezo huu huonekana kwa mkono wake: unakaa gotini mpaka macho yamemaliza kuzunguka ubao. Nawaonea huruma vijana wanaoambiwa wacheze haraka ili waonekane hodari.

Mabingwa wa mchezo wa karata uitwao poka humwonya mgeni jambo la jamii hiyo. Mashindano yao makuu ya dunia yalianza Las Vegas mwaka 1970, na katika mtindo wa Texas Hold'em mchezaji hupewa karata mbili kati ya 52. Jozi zinazowezekana ni 1,326, na mchezaji mzuri hutupa nyingi mno kati yake bila kuzitilia pesa. Mgeni hachoki kucheza, anachoka kungoja. Ila mwenye karata mbaya anaweza kuilaumu bahati. Kwenye igisoro kila kete iko juani, mbele ya wote wawili, na mtu aliyeshindwa hana wa kumsingizia.

Bao la Kiswahili limeshika njia nyingine. Kule ukiweza kula, lazima ule, kwa hiyo ufundi wake mmoja ni kumlazimisha mwenzako ale pale unapotaka wewe. Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu kuhusu mafundi wa Zanzibar, akaitoa Leiden mwaka 1995, na kwa kweli wanastahili. Lakini igisoro humwachia mchezaji ruhusa ya kukataa, na mimi naona ruhusa hiyo ni mtihani mgumu zaidi.

Hata hivyo kujificha nako kuna mwisho. Kete iliyo peke yake shimoni haichotwi, na asiye na shimo hata moja lenye kete mbili au zaidi ameshindwa. Aliyezoea kuacha tu hujikuta hana mkono wa kucheza. Fundi hukataa akiwa na zamu nyingine ya kutumia: anasogeza kete mbili pembeni, jambo ambalo watazamaji hawalioni, na kumwacha mwenzake na zile kumi zake. Mwenzake, akidhani hazikuonekana, anaongeza nyingine. Zamu mbili baadaye fundi anakula kumi na nne, na anapomaliza kuzipanda, mpinzani hana tena kete inayofika mbele ya shimo lenye kitu nyuma yake.