Deni la Mchezaji Huru

Fundi seremala hujulikana kwenye maungio. Uso wa meza anaweza kuung'arisha yeyote mwenye msasa na muda. Anayetaka kuijua kazi huinama, akatazama mguu ulivyoingia kwenye fremu. Nami ndivyo ninavyoukagua mchezo wa kompyuta wa umeneja wa besiboli. Sianzi na sura za wachezaji wala rangi ya nyasi. Nauendesha msimu mpaka mwisho, nangoja mikataba iishe mwezi wa Novemba, kisha nafuatilia jambo moja tu: nyota akiondoka, klabu aliyoiacha inapata nini, na kutoka kwa nani?

Msomaji wa soka aiweke kwanza kando ada ya uhamisho. Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, mchezaji aliyetimiza miaka 6 ya utumishi na mkataba wake ukaisha ni mtu huru. Anakwenda anakotaka, na klabu mpya haiilipi ya zamani hata senti. Fidia, pale inapokuwapo, hulipwa kwa zamu katika uteuzi wa vijana, ile shughuli ya kila mwaka ambamo klabu hupokezana kuchagua wanafunzi wa sekondari na vyuo. Mtu mzima mwenye jina anaondoka leo. Anayekuja badala yake ni kijana atakayeonekana ligi kuu baada ya miaka kadhaa, au asionekane kabisa. Hilo ndilo ungio ninalolisema. Linashikanisha soko la wakubwa na uteuzi wa wadogo, bajeti ya mwaka huu na matumaini ya mwaka usiojulikana. Likilegea, meza nzima inayumba.

Wala halikuundwa kwa utulivu. Mwaka 1969 mchezaji Curt Flood alikataa kuhamishiwa Philadelphia bila kuulizwa, akaifikisha kesi yake Mahakama ya Juu, na mwaka 1972 akashindwa kwa kura 5 dhidi ya 3. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally, waliokuwa wamecheza bila kusaini mkataba mpya, hawafungwi tena na klabu zao. Mlango ukafunguka. Wenye klabu, walipoona hawawezi kuufunga, wakataka apitaye hapo awe na ushuru. Mwaka 1981 wachezaji waligoma kwa siku 50, mechi zaidi ya 700 zikafutwa, na kiini cha ugomvi kilikuwa hiki hiki, fidia. Walielewa kwamba mtu huru anayeuvuta mzigo nyuma yake ataogopwa na wanunuzi, hata kama hakuna anayemzuia kutoka.

Suluhu ya mwaka huo ilizaa kanuni ambayo mtunga mchezo akithubutu kuiingiza, mimi nampa heko kabla sijacheza. Klabu iliyompoteza mchezaji wa daraja la juu ilichagua mbadala wake kutoka kwenye kapu la pamoja, lililojaa wachezaji ambao klabu mbalimbali hazikuwaweka kwenye orodha zao za kulindwa. Kwa hiyo ungeweza kupoteza mtu ingawa hukununua yeyote. Januari 1984 New York Mets hawakumlinda Tom Seaver, mrushaji mkubwa kuliko wote katika historia yao, aliyekuwa na miaka 39. Chicago White Sox, waliokuwa wameachwa na Dennis Lamp aliyekwenda Toronto, wakanyoosha mkono kapuni wakamtwaa. Agosti 1985 Seaver alishinda mechi yake ya 300 huko huko New York, kwenye uwanja wa Yankees, akiwa amevaa jezi ya Chicago. Mwaka huo huo kapu likafutwa.

Sasa fikiria kazi ya mtu anayetaka kuiingiza Januari ile ndani ya programu. Kuandika amri isemayo kwamba kila klabu ilinde idadi fulani ya wachezaji ni kazi ya saa moja. Kazi yenyewe ni kuifanya klabu ya kompyuta ikosee kwa namna ambayo binadamu hukosea. Mets hawakuwa wajinga. Walidhani hakuna atakayemtaka mzee mwenye mshahara mkubwa, wakawalinda vijana. Programu inayomlinda Seaver kila mara kwa sababu imesoma namba zake imetengeneza dunia isiyo na Januari 1984. Inayomwacha kwa bahati nasibu imetengeneza dunia isiyo na sababu. Anayestahili sifa ni yule atakayempa mkuu wa klabu wa kubuni hofu ya kupoteza kijana na mazoea ya kumdharau mzee, kisha akaziacha hofu na mazoea hayo ziandike orodha.

Michezo hii haikuanza na maswali ya namna hiyo. Strat-O-Matic ya Hal Richman, iliyotoka mwaka 1961, ilikuwa kadi na kete, na swali lake lilikuwa la uwanjani: huyu akimrushia yule, nini kitatokea? Mwishoni mwa miaka ya 1990, Baseball Mogul ya Clay Dreslough na Out of the Park Baseball ya Mjerumani Markus Heinsohn zilimketisha mchezaji ofisini, zikampa mikataba, bajeti na miaka mingi mbele yake. Tangu hapo kanuni za ofisini zikawa sehemu ya mchezo sawa na mpira wenyewe, na uaminifu kwa kanuni hizo ukawa ufundi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa majira ya baridi ya mwaka 2008. New York Yankees waliwasaini nyota watatu: CC Sabathia kutoka Milwaukee, A.J. Burnett kutoka Toronto na Mark Teixeira kutoka klabu ya Angels. Wote watatu walikuwa wa daraja A, la juu kabisa, na kwa kanuni za wakati ule, baada ya kapu kufutwa, kila klabu iliyoachwa ilidai zamu ya Yankees katika uteuzi. Yankees walikuwa na zamu moja tu ya raundi ya kwanza. Nani aipate? Kanuni ilisema apewe aliyempoteza mwenye alama za juu zaidi katika hesabu za kampuni ya takwimu ya Elias Sports Bureau, na alama za Teixeira zilikuwa juu. Milwaukee, waliotoa vijana wao katikati ya msimu ili kumpata Sabathia, wakasukumwa raundi ya pili; Toronto ya tatu. Angels wakakaa kwenye zamu ya 25 ya mwaka 2009, wakamchagua kijana wa sekondari kutoka New Jersey aitwaye Mike Trout. Mchezaji bora wa mwaka mara tatu alipitia kwenye tundu la kanuni ya nani atangulie kulipwa.

Mtunga mchezo aliyeisoma habari hii vizuri atagundua pia kitu kilichojificha ndani yake. Klabu iliyokwisha kuitoa zamu yake ya kwanza inamsaini nyota wa pili kwa gharama ndogo zaidi, na wa tatu kwa ndogo kuliko hapo. Kwa hiyo manunuzi hujikusanya: mwaka mmoja klabu haigusi mtu, mwaka unaofuata inazoa watatu. Kama klabu za kompyuta hazioni hivyo, zikampima kila mchezaji peke yake, soko litakuwa tambarare, na mtu aliyelifuatilia soko lenyewe miaka mingi atahisi kuna kitu hakiko sawa hata kabla hajajua ni nini.

Nimewahi kucheza mchezo mmoja uliokuwa na kanuni zote kwa maandishi na usiokuwa nazo kwa vitendo. Kila Julai niliwachukua wachezaji wa kawaida wenye alama nzuri na mikataba inayoisha, Novemba nikawaacha waende, na uteuzi ulipofika nilikuwa na zamu tano za mwanzo wakati wengine wana moja. Klabu za kompyuta ziliwasaini bila kuuliza gharama yake. Ndani ya miaka minane nilikuwa na timu isiyofungika, nikaufunga mchezo kwa huzuni ya kweli, maana kulikuwa na kazi nyingi nzuri mle ndani iliyoharibiwa na ungio moja.

Kanuni za tangu 2012 ni ngumu zaidi kuziigiza, na hapo mafundi wazuri wanaonekana. Klabu inayotaka fidia lazima kwanza imwekee mchezaji mezani ofa ya mwaka mmoja yenye thamani ya wastani wa mishahara 125 mikubwa zaidi: dola milioni 13.3 ilipoanza, zaidi ya milioni 20 siku hizi. Akikubali, unamlipa. Akikataa na kuondoka, unapata zamu. Aliyehamishwa katikati ya msimu hawezi kupewa ofa hiyo, kwa hiyo ujanja wangu wa Julai ungekufa. Katika miaka mitatu ya kwanza ofa 34 zilitolewa, na zote 34 zikakataliwa. Mwaka 2015 ndipo Colby Rasmus, Matt Wieters na Brett Anderson walipokubali.

Hesabu ya ofa ni rahisi. Lililo gumu ni moyo wa mtu aliyepewa siku chache aamue. Kendrys Morales aliikataa mwaka 2013, kisha akakaa bila klabu mpaka Juni 2014, uteuzi ulipopita na deni la zamu ambalo klabu mpya ingelipa likafutika. Mwaka 2019 Craig Kimbrel na Dallas Keuchel nao walingoja mpaka Juni. Programu isiyojua kwamba deni la mchezaji lina tarehe ya kufa haiwezi kumzaa mtu wa namna hiyo, mrushaji mzima wa afya anayefanya mazoezi peke yake mwezi wa Mei.

Mwaka jana, katika mchezo ninaoucheza sasa, alikuwepo mmoja, mrushaji wa kubuni wa miaka 34. Aliikataa ofa yangu Novemba. Desemba klabu mbili zilimuulizia zikanyamaza, na kuanzia Februari hakuna aliyemtaja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajaza nafasi yake. Nilikuwa nafungua ukurasa wake kila wiki na kukuta umri, urefu, mkono wa kulia, na pale penye jina la klabu pameachwa wazi. Nikaupitisha uteuzi, nikasogeza kalenda siku moja. Asubuhi hiyo klabu tatu zilikuwa zimemwandikia.