Muuza Kofia na Makampuni ya Malipo: Tunahukumu Jina au Mkataba?

 

Mas-ala ya kupokea malipo kwa njia ya intaneti yamekuwa yakiulizwa mno katika darsa zetu, na majibu yanayotolewa, pamoja na heshima yetu kwa wanaoyatoa, hayatoshelezi. Jibu la kwanza linasema kuwa makampuni yote yanayopokea malipo ya kadi ni haramu, kwa kuwa kadi ni za benki na benki ni riba. Jibu la pili linasema hizo ni ada za huduma tu, mfano wa nauli ya gari, basi muuzaji achague kampuni iliyo rahisi kwake. Majibu yote mawili ni mepesi kuhifadhi, na pengine ndiyo sababu yameenea. Sisi tunaona yote mawili yana kasoro moja: yanahukumu kabla ya kusoma mkataba.

Wala si kasoro ya vitabuni tu. Dada mmoja wa Lamu, mjane mwenye watoto watatu, anauza kofia za kushonwa kwa mkono. Wateja wake wengi ni jamaa zetu walioko Muscat, London na Toronto, ambao hawawezi kumlipa fedha taslimu. Alikuwa akipokea malipo yao kupitia kampuni moja ya kigeni. Aliposikia jibu la kwanza likitolewa mimbarini, alifunga akaunti yake siku ileile, na akapoteza wateja wa msimu mzima wa Idi. Baadaye akahamia kampuni nyingine yenye jina la Kiarabu, ambayo wakala wake alimhakikishia kuwa ni ya Waislamu. Haikupita miezi mitatu kampuni hiyo ikamtumia ujumbe: chukua shilingi 100,000 leo uongeze mtaji, tutakata kidogokidogo katika mauzo yako mpaka zitimie 112,000. Dada huyu hakukurupuka, alikwenda kuuliza. Akajibiwa kwa jibu la pili: hiyo ni ada ya huduma. Akachukua. Alipokuja kwangu alisema maneno ambayo hayajanitoka: "Maalim, mimi niliikimbia riba. Sasa hapa nilipo ni wapi?"

Ndugu msomaji, tazama yaliyotokea. Mlango ambao maulamaa wengi wa zama hizi wameufungua kwa masharti alifungiwa, na mlango wa mkopo wenye ziada, ambao hakuna mwenye elimu anayeutilia shaka, alifunguliwa. Na wote waliomjibu walikuwa watu wa kheri.

Tuanze na jibu la kwanza. Wenye kuharamisha wana hoja, nayo haifai kudharauliwa. Wanasema: mteja amenunua kofia ya dola 60, na muuzaji anapokea pungufu. Kwa kiwango kilichozoeleka miaka mingi kwa wauzaji wa Marekani, yaani asilimia 2.9 na senti 30 juu yake, muuzaji huyu hukatwa dola 2.04 na kupata 57.96. Je, wanauliza, huku si kuuza deni la 60 kwa 57.96? Na kuuza deni la fedha kwa fedha pungufu si ndiko kulekule benki zinakofanya kwa hati za biashara?

Jawabu lake ni kuangalia kile kinachokatwa kinafuata nini. Katika hati ya biashara, mwenye hati akisubiri siku ya malipo hupata yote, na akitaka mapema hupunguziwa kadiri ya siku zilizobaki. Kinachonunuliwa pale ni muda. Ama muuza kofia, hata angesubiri mwaka hapati 60. Makato ni yaleyale fedha ikifika baada ya siku mbili au saba, kwa kuwa yanafuata kazi: kuihakiki kadi, kumdai mlipaji, kuifikisha fedha, kuweka hesabu. Huo ni ujira wa wakala anayekusanya fedha, na ujira wa wakala kwa asilimia si jambo geni kwetu. Dalali wa pwani hii amekuwa akiula tangu enzi za majahazi.

Kwa msingi unaokaribiana na huu, Baraza la Fiq-hi la Kiislamu la Kimataifa lilipokutana Riyadh Septemba 2000, katika azimio lake namba 108, liliikataza kadi isiyo na fedha nyuma yake ikiwa mkataba wake una sharti la ziada mtu akichelewa kulipa, hata kama mwenye kadi amenuia kulipa kwa wakati. Lakini katika azimio hilohilo liliruhusu kutoza kamisheni kwa mfanyabiashara anayeipokea, kwa sharti kwamba auze kwa kadi kwa bei ileile anayouza kwa fedha taslimu. Na lilipokutana Muscat Machi 2004, katika azimio namba 139, likaipeleka ruhusa hiyo kwenye kadi zenye fedha nyuma yake. Wenye kunukuu azimio la Riyadh mimbarini huishia nusu ya kwanza. Sijui kwa nini, maana liko katika ukurasa uleule.

Wala mambo haya hayakuanza na mitambo. Az-Zubayr bin Al-Awwam (r.a.) alikuwa akijiwa na watu wanaotaka kuweka mali zao kwake kama amana, naye akikataa mpaka waifanye kuwa mkopo, kwa kuchelea isije ikapotea bila yeye kuwa mdhamini. Alipouawa mwaka 36 Hijria, mwanawe Abdullah alihesabu deni lake akakuta 2,200,000, na habari hii imo katika Sahihi Al-Bukhari. Abdullah huyohuyo naye, kama alivyopokea Ibn Qudama katika Al-Mughni kutoka kwa Ataa, alikuwa akichukua dirhamu za watu Makka na kuwaandikia barua kwa nduguye Mus'ab aliyekuwa Iraq, nao wakazipokee huko. Ibn Abbas (r.a.) alipoulizwa hakuona ubaya. Hiyo ndiyo suftaja. Baba alibadilisha jina la mkataba, kutoka amana kuwa mkopo, na kwa hilo akabadilisha nani anabeba hasara. Mwana akaipitisha fedha nchi mbili bila kuibeba. Na madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani hii, hayaikubali suftaja ikishurutishwa katika mkopo, kwa kuwa mkopeshaji anavuna usalama wa njia. Tofauti hii ya maulamaa ilikuwa juu ya nini kimeandikwa na nini kimeshurutishwa. Sijaona aliyeihukumu suftaja kwa kuangalia jina la aliyeiandika.

Sasa jibu la pili, ambalo kwangu mimi ndilo la hatari zaidi kwa sababu linapendeza. Neno "ada" limekuwa kanzu inayovaliwa na kila kitu. Kampuni hizi hazikubaki kuwa wakusanyaji wa fedha. PayPal ilianza kuwapa wauzaji wa Marekani mtaji mwaka 2013, na Stripe ikafuata 2019: unapewa fedha, ada yake imepangwa tangu mwanzo, na marejesho yanakatwa katika mauzo yako. Ada haiongezeki ukichelewa, na hapo ndipo wengi wanapotulizika. Lakini riba haikusubiri kuchelewa ndipo iwe riba. Aliyetoa 100,000 kwa sharti la kurudishiwa 112,000 amekwishashurutisha ziada siku ya kwanza, ziitwe ada, gharama au shukrani. Asidhani mtu kuwa anasalimika kwa kukaa na simu yake tu. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ni kupeleka fedha kwa ujira unaojulikana. Fuliza, iliyokuja 2019 ndani ya simu hiyohiyo, ni deni ambalo mwenye kukaa nalo hutozwa kwa siku. Kampuni moja, simu moja, mikataba miwili, hukumu mbili.

Kuna jambo la tatu ambalo sijaona likizungumzwa kwa Kiswahili, nalo ni malipo ya papo hapo. Muuzaji ana dola 57.96 katika akaunti ya kampuni, zitamfikia baada ya siku kadhaa. Anaambiwa: ukizitaka sasa hivi, tutakukata kama asilimia 1 au zaidi. Hapa ile hoja niliyoitumia kuhalalisha makato ya kwanza inanigeukia, na uaminifu wa elimu unanilazimu niseme hivyo. Makato haya hayafuati kazi ya kukusanya, ile imekwishalipiwa. Yanafuata siku zilizopunguzwa.

Maulamaa wana mlango unaofanana nalo: punguza deni, nami nikulipe mapema. Baraza la Fiq-hi katika azimio namba 64, Jeddah, Mei 1992, liliuruhusu kwa masharti mawili: isiwe kwa makubaliano yaliyotangulia, na uhusiano uwe wa watu wawili tu, mdai na mdaiwa. Akiingia wa tatu, jambo hurudi kuwa kupunguza hati za biashara, nalo halijuzu. Pima sasa. Ikiwa fedha ya mteja imekwishafika kwa kampuni, basi kampuni ni mdaiwa, na sharti la wawili limetimia. Bado lipo la makubaliano, kwani kiwango kimeandikwa katika mkataba uliotiwa saini mwanzo. Ikiwa fedha ya benki ya mteja haijafika na kampuni inatanguliza ya kwake, basi ni mtu wa tatu aliyenunua deni kwa bei pungufu. Ipo sura nyepesi zaidi: fedha imefika, na kinacholipiwa ni njia ya haraka ya kuipeleka benki, kwa kiwango kimoja kisichogeuka iwe umebakiza siku moja au sita. Hiyo naiona karibu na ujira. Lakini muuzaji wa Lamu hana njia ya kujua ni sura ipi kati ya hizi, na kampuni hazisemi wazi, hivyo nilimwambia akiache kitufe hicho. Wapo wenzangu watakaoniona nimekaza.

Kusubiri nako kuna mas-ala yake. Kofia ambayo haijashonwa, ikiuzwa kwa mkataba wa salam, inataka thamani ikabidhiwe hapohapo, na ndiyo maana Baraza, katika azimio namba 52 la mwaka 1990 juu ya mikataba kwa vyombo vya mawasiliano, liliitoa salam katika ruhusa ya jumla. Fedha inayokaa wiki njiani inatia shaka. Mkataba wa istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe, hauna ugumu huo, kwani azimio namba 65 la 1992 limeruhusu thamani yake kuahirishwa. Afadhali muuza kofia aandike agizo lake kwa sura hiyo: ukubwa, aina ya uzi, mchoro, siku ya kumaliza. Maelezo hayo yatamfaa pia mteja akidai kurudishiwa fedha, maana mkataba wa PayPal, kwa mfano, humpa mnunuzi siku 180 kulalamika, na muuzaji asiye na maandishi hushindwa. Kubadilisha pauni kuwa shilingi ni mlango wa sarfu. Azimio namba 53 la 1990 limehesabu kuingizwa fedha katika akaunti kuwa ni kukabidhi, likasamehe ucheleweshaji uliozoeleka sokoni, maadamu hatumii kabla haijaingia.

Dada yetu aliomba kulipa mapema ili apunguziwe zile 12,000. Kampuni ikakataa, akalipa zote, naye ametubia. Tunamuombea Allah amkubalie. Kisha alirudi kwenye kampuni ya kigeni aliyoikimbia, akiwa ameukubali mkataba wa kukusanya peke yake, malipo ya kawaida ya kusubiri, bila mtaji wala papo hapo. Alikuwa na swali moja la mwisho: wateja wa simu anawauzia kwa dola 60, je, wa kadi awaandikie 62 ili afidie makato? Nikamrejesha kwenye sharti la Riyadh. Akasema, "Basi Maalim, hizo mbili zitatoka mfukoni mwangu." Nikamwambia apige hesabu ya wateja wote kwa mwaka, aone wangapi ni wa kadi, aandike bei moja ya wote. Akaandika 61.

Wallahu aalam.