MFUKO NA KURA: TAHAKIKI YA MGOMO WA WANUNUZI

1. Utangulizi

Tarehe 21 Januari 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la Citizens United. Majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba makampuni na vyama vya wafanyakazi vina haki ya kutumia fedha bila kikomo kumnadi au kumpinga mgombea, mradi fedha hizo zisikabidhiwe kwa mgombea mwenyewe wala matumizi yake yasipangwe pamoja naye. Msingi wa hoja yao ulikuwa kwamba kutumia fedha katika mambo ya siasa ni namna ya kusema, na Katiba ya nchi hiyo inalinda uhuru wa kusema. Hukumu hiyo haijatenguliwa.

Tangu hapo wananchi wengi, Wakristo wakiwamo, wameuliza: ikiwa sheria haiwezi tena kuyazuia makampuni, ni silaha gani iliyobaki mkononi mwa mtu wa kawaida? Jibu linalotolewa mara nyingi ni mgomo wa wanunuzi, yaani kususia bidhaa za kampuni inayotia fedha zake katika uchaguzi. Makala haya yanakusudia kuipima hoja hiyo. Tutaona kwamba kususia kuna heshima yake mbele ya dhamiri, lakini hakuwezi kuwa dawa ya ugonjwa huu, kwa kuwa kunaukubali msingi wa ugonjwa wenyewe: kwamba mwenye fedha ndiye mwenye sauti.

2. Kisa cha Minnesota

Jimbo la Minnesota si geni kwa Walutheri wa Tanzania. Sinodi ya Saint Paul iliyoko huko ina ushirika wa miaka mingi na Dayosisi ya Iringa, ushirika unaojulikana kwa jina la Bega kwa Bega. Kwa hiyo jambo lililozisumbua dhamiri za Wakristo wa huko linatuhusu kama jambo la ndugu.

Katika mwaka uleule wa 2010, kampuni ya maduka ya Target, yenye makao makuu mjini Minneapolis, ilitoa fedha na huduma zenye thamani ya dola 150,000 kwa kamati iliyoitwa MN Forward. Kamati hiyo ilimnadi Tom Emmer, mgombea ugavana wa chama cha Republican, kwa sababu ya sera zake za kodi na biashara. Lakini Emmer alikuwa pia mpinzani wa ndoa za watu wa jinsia moja. Kwa kuwa sheria ya jimbo iliyopitishwa mwaka huo ilidai michango ya namna hiyo itangazwe, habari zilitoka mapema. Watu zaidi ya laki mbili walitia sahihi kuahidi kutonunua Target, na maandamano yakafanyika mbele ya maduka. Mwezi Agosti mkuu wa kampuni, Gregg Steinhafel, aliwaandikia wafanyakazi wake barua ya kuomba radhi.

Si nia ya makala haya kuamua suala la ndoa, ambalo tunajua limeleta mvutano mkubwa kati ya Makanisa ya Kilutheri yenyewe. Tunachotazama ni njia iliyotumika. Je, radhi ile ilikuwa ushindi? Mapato ya kampuni katika mwaka huo wa hesabu yalipita dola bilioni 67. Mchango uliolalamikiwa ulikuwa basi kama dola moja katika kila dola 450,000 za mapato. Mnunuzi aliyezuia dola mia moja zake alizuia sehemu ndogo mno ya mchango huo, isiyofikia hata senti moja. Kilichoiuma kampuni, kwa hiyo, hakikuwa hasara bali aibu. Nayo aibu ina muda wake. Baada ya ghasia za tarehe 6 Januari 2021 katika Bunge la Marekani, makampuni mengi yalitangaza kusimamisha michango kwa wajumbe 147 waliopinga kuthibitishwa kwa matokeo ya uchaguzi wa rais. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2022, mengi kati yao yalikuwa yamekwisha kurudia kutoa.

3. Susio za zamani na susio hili

Hata hivyo tusiidharau njia yenyewe, kwa maana ina historia njema. Mnamo 1791 watu wengi wa Uingereza waliacha kutumia sukari ya visiwa vya Karibi iliyolimwa na watumwa. Kuanzia Desemba 1955 Wakristo weusi wa Montgomery walitembea kwa miguu siku 381 wakikataa kupanda mabasi yaliyowabagua. Na katika mji huohuo wa Minneapolis, mwezi Julai 1977, ulianzishwa mgomo dhidi ya kampuni ya Nestlé kwa jinsi ilivyouza maziwa ya unga ya watoto wachanga katika nchi maskini. Makanisa mengi yaliunga mkono. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za uuzaji wa maziwa hayo, na mwaka 1984 mgomo ulisimamishwa baada ya kampuni kukubali kuzitekeleza.

Tukivilinganisha visa hivi na kile cha mwaka 2010, tofauti inaonekana. Katika visa vya zamani kitu kilichokataliwa ndicho kilichobeba uovu: sukari ilikuwa na jasho la mtumwa ndani yake, kiti cha basi kilikuwa ndiyo matusi yenyewe, na namna ya kuuza maziwa ndiyo iliyohatarisha mtoto. Dai lilikuwa wazi, na siku ya kulimaliza ilijulikana. Lakini sabuni na mashati ya Target hayakuwa na kosa. Tena madai yalikuwa zaidi ya moja. Wengine walitaka kampuni ijute, wengine ijitoe kabisa katika siasa. Shirika la Human Rights Campaign liliitaka itoe fedha kwa wagombea wa upande wa pili, ili mizani isawazishwe. Kampuni haikukubali.

Dai hilo la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndani yake hoja nzima inajifunua. Wananchi walianza kwa kulalamika kwamba fedha ya kampuni imeingia katika uchaguzi. Dawa iliyopendekezwa ikawa kwamba fedha zaidi iingie. Haki ya fedha kusema haikupingwa tena. Ilichopingwa nayo ni maneno yake tu.

Kuna jambo lingine. Emmer alishindwa kwa kura zisizofika 9,000 kati ya kura zaidi ya milioni mbili. Aliyeshinda, Mark Dayton, ni kitukuu cha George Dayton, mwanzilishi wa biashara ambayo baadaye ikawa Target. Huyu Mark Dayton, alipowania useneta mwaka 2000, alitumia zaidi ya dola milioni kumi za mali yake mwenyewe. Fedha hiyo ingesusiwa wapi? Urithi hauna duka, na hisa hazipangwi rafuni. Mgomo wa wanunuzi humfikia yule tu anayewauzia watu rejareja. Mwenye mali ya kimya hupita salama.

4. Neno la Mungu na dhamiri ya mnunuzi

Mtume Paulo alikutana na swali la namna hii Korintho. Nyama iliyouzwa sokoni ilikuwa pengine imepita mezani pa sanamu. Katika 1 Wakorintho 10 hakumtwika mnunuzi mzigo wa kuchunguza asili ya kila kipande. Lakini mtu akikuambia kwamba hii imetolewa sadaka kwa sanamu, basi uiache, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekuambia. Hapa tunaona mambo mawili. La kwanza, Mkristo hahesabiwi haki kwa usafi wa kapu lake. Anayedhani kwamba ataingia sokoni na kutoka bila doa anarudi chini ya sheria kwa mlango wa nyuma. La pili, kuacha kununua ni tendo la upendo kwa jirani, wala si tendo la kumtawala. Paulo haachi nyama ili mwenye bucha afilisike.

Martin Luther, katika andiko lake la mwaka 1524 juu ya biashara na riba, aliyakemea vikali makampuni makubwa ya siku zake yaliyohodhi bidhaa na kupanga bei. Alimshauri mtu mmoja mmoja ajitoe katika makampuni hayo, kwa maana hakuona namna ya kubaki humo kwa dhamiri njema. Lakini hakuishia hapo. Aliwageukia wafalme na wakuu, ambao kazi yao ilikuwa kuyazuia makampuni kwa sheria, akawashutumu kwamba wamekuwa washirika wa faida. Basi Luther anatofautisha vizuri: dhamiri hujitenga, ofisi ya utawala hurekebisha. Kosa la hoja tunayoipima ni kuichukua kazi ya ofisi na kuibebesha dhamiri ya mnunuzi.

Aidha amri ya nane inatuhusu. Mwaka 2019 watu walihimizwa kususia Home Depot kwa sababu Bernie Marcus, mmoja wa waanzilishi wake, alisema atamuunga mkono rais aliyekuwa madarakani. Lakini Marcus alikuwa amestaafu tangu 2002, na fedha zilikuwa zake binafsi. Anayemwita jirani mwenye hatia kabla ya kuuliza ameshuhudia uongo, hata kama nia yake ni njema.

5. Mjane sokoni na mjane penye kura

Yesu aliketi akiwatazama watu wakitia fedha katika sanduku la hazina, akamwona mjane na senti zake mbili (Marko 12). Machoni pa wanadamu, sanduku la hazina humpima mjane kwa senti zake. Sanduku la kura peke yake, kati ya masanduku ya dunia hii, limeagizwa kutompima hivyo: karatasi yake ni sawa na ya tajiri. Duka halina agizo kama hilo. Anayenunua kwa maelfu akisusia, meneja hushtuka. Mjane anayenunua chumvi akisusia, hakuna ajuaye. Na pengine hawezi kususia hata akitaka, kwa kuwa duka hilo ndilo la bei anayoimudu, au ndiko mwanawe anakoajiriwa. Tukiuhamisha uraia kutoka penye kura kwenda sokoni, tumempokonya mjane mahali pekee alipokuwa sawa na wengine.

Nchini mwetu tumewahi kuona njia nyingine. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania iliruhusu takrima kwa wapiga kura. Hakuna duka lililosusiwa. Asasi za kiraia zilikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 vifungu hivyo vilitamkwa kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa vilimbagua mgombea maskini. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Hatusemi kwamba fedha imeacha kutembea usiku. Tunasema kwamba hoja ilipelekwa mahali ambapo maskini na tajiri wanapaswa kusikilizwa kwa kipimo kimoja.

6. Hitimisho

Mchungaji atakapoulizwa na msharika kama asusie kampuni fulani, asimwamuru wala asimcheke. Na amsaidie kuuliza: Je, habari hii ni ya kweli? Je, ninajizuia kwa kumpenda jirani, au kwa kujiona safi? Je, dai letu lina mwisho, na kampuni ikilitimiza tutaipokea? Akijibiwa vema, msharika na asusie kwa amani. Lakini jioni hiyohiyo na aendelee kudai kwamba kila mchango wa uchaguzi utangazwe hadharani, maana hata watu wa Minnesota wasingejua la kususia kama sheria isingefichua. Kutoka 23 inaonya kwamba rushwa huwapofusha wenye macho. Kazi ya Kanisa ni kusaidia macho hayo yafumbuliwe, nayo haiwezi kumalizwa kwa kubadili duka.