PSA ya Mzee Imepanda: Tuisome Vipi?

Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Miaka 13 kabla yake, Julai 2001, Nelson Mandela aligundulika kuwa na ugonjwa huohuo, naye akapigwa mionzi kwa wiki saba. Vijiweni watu hubishana nani alichagua vizuri zaidi. Mimi naona ubishi huo unaruka jambo zito: ukishatoka hospitali kwa njia moja au nyingine, karatasi ya maabara haisomwi kwa namna moja.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, ya mwenye afya na ya mgonjwa pia. Aliyekatwa tezi yote hana tena kitu cha kuitengeneza, kwa hiyo baada ya wiki sita hivi kipimo chake kinatakiwa kiwe karibu na sifuri, na kikifika 0.2 kikathibitishwa kwa mara ya pili, daktari anaanza kuuliza maswali. Aliyepigwa mionzi bado anayo tezi yake. Mionzi huvunja DNA ya seli, lakini seli haifi palepale. Hufa siku inapojaribu kugawanyika, na seli za saratani ya tezi dume kwa kawaida hugawanyika polepole. Ni kama mti uliobanduliwa gome: majani hubaki mabichi muda mrefu baada ya mti wenyewe kukatiwa uhai. Ndiyo maana PSA hushuka kwa mwaka mmoja na nusu, mara nyingine zaidi, na haifiki sifuri kwa sababu sehemu nzima za tezi zinaendelea kutoa kidogo.

Tumchukue mzee wa kufikirika, mstaafu wa Mbweni, Dar es Salaam, aliyetibiwa kwa mionzi peke yake bila sindano za homoni. Kabla ya matibabu PSA ilikuwa 14. Miezi mitatu baadaye 5.2, miezi sita 2.6, mwaka mmoja 1.1. Nyumba nzima inapumua. Mwezi wa 18 karatasi inatoka 1.9, na binti yake anaipokea kabla hata mzee hajavaa miwani: "Baba, mbona imepanda? Si walisema umepona?" Usiku huo hakuna anayelala, kesho yake simu zinapigwa kwa ndugu walioko nje, na kabla ya wiki kwisha kuna mtu ameshaleta mizizi kutoka Bagamoyo. Mwezi wa 24 PSA ni 0.7. Mwezi wa 36 ni 0.5.

Hakuna kilichotokea. Wataalamu wanaujua mruko huo wa muda: baadhi ya waliopigwa mionzi, na si wachache, PSA yao hupanda kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu kisha ikashuka yenyewe bila dawa yoyote. Madaktari wa mionzi wa Marekani waliwahi kujikwaa hapo. Mwaka 1996 walikubaliana kwamba PSA ikipanda mara tatu mfululizo, ugonjwa umerudi. Kanuni hiyo ilinasa watu wengi ambao hawakuwa na ugonjwa. Mwaka 2005 wakakutana Phoenix, Arizona, wakaandika nyingine inayotumika mpaka leo: chukua kipimo cha chini kabisa alichowahi kufika mgonjwa, ongeza 2. Akifika hapo, tunasema saratani inaonyesha dalili za kurudi.

Kwa mzee wetu, mwezi wa 18 mstari wa hatari ulikuwa 3.1, naye yuko 1.9. Baada ya mwaka wa tatu mstari umehamia 2.5. Kila mgonjwa ana mstari wake, na mstari wenyewe husogea chini kila PSA inapoweka rekodi mpya. Karatasi ya maabara haiuchapishi. Inachapisha kitu kingine: "kiwango cha kawaida 0 hadi 4". Kiwango hicho kimewekwa kwa ajili ya wanaume ambao hawajawahi kutibiwa. Mzee ambaye cha chini chake kilikuwa 0.3, leo ana 3.5, ataambiwa dirishani kwamba yuko kawaida, ilhali ameshauvuka mstari wake muda mrefu. Na yule wa 1.9, ambaye hana neno, ndiye anayekosa usingizi. Hili kwangu ndilo kosa kubwa kuliko yote katika ufuatiliaji huu, nalo halihitaji mashine mpya kurekebishwa. Linahitaji daftari.

Daftari hilo lina masharti yake. Damu itolewe maabara ileile kila mara, kwa sababu mashine mbili tofauti zinaweza kutoa namba mbili tofauti kwa damu moja. Isitolewe wakati mzee ana maambukizi ya njia ya mkojo au ametoka kuwekewa mpira wa mkojo. Siku mbili kabla, asishiriki tendo la ndoa. Wauguzi wengi hulisema hili kwa kuzungukazunguka, na wazee wengi hujifanya hawakusikia. Miongozo ya Ulaya hupanga vipimo katika mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila miezi sita mpaka mwaka wa tatu, halafu mara moja kwa mwaka.

Sasa tuje kwa homoni, maana hapo hesabu yote inageuka. Wagonjwa wengi wa Tanzania hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasogea, na kwao mionzi peke yake haitoshi. Tangu majaribio ya Bolla na wenzake barani Ulaya yalipochapishwa mwaka 1997, inajulikana kwamba mwenye ugonjwa wa hatari kubwa anaishi muda mrefu zaidi akichanganyiwa mionzi na dawa za kuzima homoni ya kiume, kwa miaka miwili hadi mitatu. Kwetu sindano ya goserelini ndiyo inayojulikana zaidi, ya kila mwezi au ya kila miezi mitatu. Wengine huchagua kutolewa korodani, ambako ni rahisi kwa gharama na hakuna kurudi kliniki kuchomwa.

Mgonjwa aliye kwenye sindano PSA yake inashuka hadi 0.1 haraka, na familia inasherehekea mionzi. Kwa kweli hapo wanasherehekea sindano. Homoni ya kiume ikizimwa, PSA inazimika nayo, iwe saratani imekufa au imelala tu. Sindano zikisimamishwa, homoni hurudi taratibu, pengine baada ya mwaka au zaidi, na kwa wazee sana inaweza isirudi kabisa. Ikirudi, PSA hupanda kidogo, jambo la kutegemewa. Kwa hiyo kipimo cha PSA katika kipindi hicho bila kipimo cha testosteroni pembeni yake ni nusu ya habari. Aliyetolewa korodani habari yake ni kali zaidi: homoni yake haitarudi, hivyo PSA ikianza kupanda mfululizo haina kisingizio, na hakuna haja ya kusubiri ifikie cha chini jumlisha 2 ndipo apelekwe kwa daktari bingwa.

Hata ukivukwa, mstari si hukumu. Kinachotazamwa hapo ni kasi. PSA inayojirudufu ndani ya miezi mitatu inataka hatua za haraka. Inayochukua zaidi ya mwaka kujirudufu, kwa mzee wa miaka 80 mwenye presha na sukari, mara nyingi hutazamwa tu.

Mwili wenyewe una kalenda tofauti na ya PSA. Wiki za mwanzo mkojo huwaka, mzee huamka usiku mara nyingi, choo huwa cha kubana na cha kukimbilia. Hayo hutulia ndani ya mwezi mmoja au miwili. Uchovu hukaa zaidi, na dawa yake iliyothibitishwa ni kutembea. Aliye Mbweni ana ufukwe wa bure, alfajiri maji yakiwa yamekupwa. Wajukuu awapakate siku hiyohiyo aliyomaliza, kwa sababu mionzi ya kutoka nje haibaki mwilini, hata kama jirani anasema vinginevyo.

Yale ya kuchelewa ndiyo yanayotaka macho. Ukuta wa mbele wa puru umegusana na tezi dume, hivyo hupokea sehemu ya dozi. Kati ya miezi sita na miaka mitatu baadaye, baadhi ya wagonjwa huona damu kwenye choo. Aliyetibiwa kwa mashine ya kobalti, yenye miale mipana, alibeba zaidi kwenye puru kuliko anayetibiwa kwa LINAC, mashine ambazo Taasisi ya Saratani Ocean Road ilianza kuwa nazo mwaka 2018 na zinazoweza kuukata mwale ufuate umbo la tezi. Damu hiyo lazima ichunguzwe, kwani mzee anaweza pia kuwa na saratani ya utumbo au bawasiri. Lakini anayechunguza aambiwe kwanza, kabla hajaingiza kamera: "Nilipigwa mionzi." Kinyama kikikatwa kwenye ukuta huo wa mbele kwa mazoea, kidonda kinaweza kisipone na kikatoboka hadi kwenye njia ya mkojo. Damu kwenye mkojo nayo inaweza kuja hata miaka 10 baadaye. Ukanda wetu wa pwani una kichocho, kwa hiyo kipimo cha mkojo kitangulie kabla ya kuilaumu mionzi.

Nguvu za kiume hupungua polepole, kwa miaka miwili au mitatu, tofauti na upasuaji ambapo zinaweza kuondoka kwa usiku mmoja. Vidonge husaidia wengi, ila si wale walio bado kwenye sindano, kwa sababu hamu yenyewe imezimwa. Mke aelezwe hilo chumba kimoja na mumewe.

Kutoka Mbweni hadi Ocean Road ni kuvuka jiji zima kwa foleni ya barabara ya Bagamoyo, kwenda kuchomwa sindano ya damu ambayo hospitali ya mkoa kama Mwananyamala inaweza kuitoa. Sioni sababu ya safari hiyo kwa mgonjwa ambaye mstari wake umetulia. Kinachomzuia asifuatiliwe karibu na kwake ni barua ya kutokea kliniki, ambayo mara nyingi inasema tu "amemaliza mionzi, arudi baada ya miezi sita". Barua inayofaa ina dozi aliyopewa na mashine iliyotumika, tarehe ya sindano ya mwisho ya homoni au ya kutolewa korodani, PSA ya chini kabisa aliyofikia na lini, na namba moja iliyopigiwa mstari: ukifika hapa, rudi Ocean Road bila kusubiri tarehe.