Jina la Malaika kwa Binti: Asili na Hukumu Yake

Katika akika za Kariakoo siku hizi, sheikh huletewa jina la Malaika. Akiuliza maana, huambiwa: "Mtoto mzuri, asiye na dhambi." Maana hiyo imetokana na mazoea ya Kiswahili na wimbo wa mapenzi uliovuma tangu miaka ya 1960, si Kiarabu. Kwa Kiarabu, malaika ni wingi. Mmoja ni malak. Na ile taa marbuta ya mwisho ni ya wingi, haimfanyi malaika kuwa wa kike.

Katika Surat An-Najm, aya ya 27, Allah (S.W.) anawalaumu wasioamini Akhera kwa kuwaita malaika kwa majina ya kike. Kwa sababu hiyo Sheikh Bakr Abu Zayd, katika Tasmiyat al-Mawlud, ameona ni haramu wasichana kupewa majina ya malaika.

Hata hivyo tusiharakishe kuharamisha. Imamu Nawawi katika Al-Majmu' ameeleza kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii majina ya malaika yanajuzu. Na mzazi wetu hakukusudia itikadi ya washirikina.

Kasoro imo katika ule udhuru wake. Mtume (S.A.W.) alimbadilisha jina binti wa Abu Salama, kutoka Barra, yaani mwema, kuwa Zaynab, kwa kuwa lilikuwa la kujitakasa. Basi "asiye na dhambi" je?

Maimamu wanasihi kabla ya siku ya saba. Ama binti aliyekwisha kukua nalo, asisimangwe, hakujichagulia.

Wallahu a'lam.